Maksai Wawili wa Kushoto

Asubuhi niliyoondoka Sumbawanga sikuwa nimepanga kuondoka. Shangazi yangu, niliyekuwa naishi kwake Majengo, alinipa dumu na kunituma nikapange foleni ya mafuta ya taa. Foleni za miaka ile hazikuwa za watu peke yao. Mtu aliweka dumu, au jiwe, au ndala moja, akaenda kulima, na kitu chake kikamsubiria zamu. Nilikuta foleni imekwishakunja kona ya duka, nikaweka dumu letu nyuma ya kapu la mama mmoja aliyekuwa ameketi chini anasuka ukili.

"Mama, naomba uniangalizie dumu langu."

"Unakwenda wapi?"

"Hapo tu."

Yule mama alinitazama toka miguuni hadi kichwani, akarudi kwenye ukili wake. "Hapo tu ya kijana ninaijua," alisema. "Kaka yangu alisema hivyo hivyo, sasa ana wajukuu Kigoma."

Nilikuwa nimekusudia kwenda kuona tu lile lori lililokuwa linapakiwa mbele ya msikiti. Lilikuwa la Mwarabu mmoja wa mjini ambaye duka lake la vitambaa halikuwa na vitambaa, kwa hiyo alikuwa amegeukia samaki. Utingo wake tulisoma pamoja mpaka darasa la tano, nilipoacha shule. Niliacha kwa sababu mwalimu wetu alikuwa anafundisha habari za mito na milima akiwa amekaa kwenye kiti, na mimi sikuweza kumwamini mtu anayezungumza juu ya mito huku amekaa.

"Unakwenda?" utingo aliniuliza kutoka juu.

"Wapi?"

"Kasanga. Migebuka na dagaa."

Ziwa nilikuwa nimelisikia tu. Nikapanda.

Inafaa nieleze kwamba kusafiri bila sababu wakati ule halikuwa jambo dogo. Taifa zima lilikuwa linatakiwa liwe shambani. Kijana aliyeonekana barabarani hana jembe, hana barua, hana mzigo, aliitwa mzururaji, na mzururaji alipelekwa kulima mahali ambapo hakupachagua. Mimi nilikuwa mzururaji wa kuzaliwa. Nilipenda kujua watu wanakula nini, wanauza nini, na kwa nini mwenye ng'ombe wengi anavaa koti lililochanika. Hiyo haikuwa sababu ambayo ungeweza kumwambia mgambo.

Lori lilitupitisha kwenye nyasi za Ufipa, nyanda tupu zenye upepo unaokata masikio hata jua likiwaka. Tulipita Matai. Mbele kidogo, pale njia moja inaposhuka kwenda ziwani na nyingine inapoelekea mpakani, tairi la nyuma likatoa pumzi. Tairi la akiba lilikuwepo, lakini nalo lilikuwa limetoa pumzi mwaka uliopita. Dereva akatuamuru sote tung'oe nyasi, kwa sababu tairi lisilo na mpira wa ndani hushindiliwa nyasi mpaka likaze, halafu lori linakwenda polepole kama mgonjwa. Niling'oa nyasi mpaka nilipoinua kichwa na kumwona mzee mmoja anakuja na ng'ombe.

Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la jeshi la Mwingereza, miguu peku, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Mkono wa kushoto alishika kamba ya maksai mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mnyama mkubwa wa kupendeza. Mkono wa kulia alishika jogoo aliyefungwa kamba miguuni, kichwa chini. Akamweka jogoo chini ili aweze kunipigia makofi ya salamu, maana kule Ufipa mtu hasalimii kwa mdomo peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmelalaje huko? Wazazi wazima? Mvua imewagusa?"

Nilijibu yote kwa mpangilio, na yeye akayaulizia yote tena kwa mpangilio, kisha akatazama lori, na watu wazima waliokuwa wanalilisha nyasi.

"Unakwenda Kasanga?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Una shughuli huko?"

"Sina."

"Unajua kuongea?"

"Ndicho kitu pekee nilichojifunza shuleni."

"Basi nibebee jogoo," alisema, akageuza ng'ombe kuelekea njia ya mpakani. Nikamchukua jogoo, nikamfuata. Utingo aliniita mara moja, kisha akaacha. Alikuwa ananifahamu.

Tulipokwisha kupata mwendo ndipo mzee akaniambia shida yake, na nitaieleza kama alivyoieleza, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Maksai hulima wawili chini ya nira moja, na kila mmoja ana upande wake. Wa kulia hutembea ndani ya mtaro ambao plau limekwishauchimba, wa kushoto hutembea juu, kwenye ardhi ambayo bado ni ngumu. Anayefundishwa kulia hubaki wa kulia. Ukimhamishia kushoto atakusukuma, atapindisha nira, atataka kurudi kwake, na kumbadilisha kunachukua msimu mzima wa matusi. Mwaka ule maksai wake wa kulia alipigwa na radi. Majirani walikuwa na maoni yao kuhusu radi hiyo, kama watu wa Ufipa walivyo na maoni kuhusu kila radi, lakini mzee hakutaka kuyarudia. Alibaki na wa kushoto peke yake. Bahati nzuri binti yake alikuwa ndiyo kwanza amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, na wakwe wakaleta mahari na kumchukua. Ndani ya mahari mlikuwa na huyu mwekundu.

"Nilishukuru Mungu," alisema mzee. "Walipoondoka tu nikamfunga nira na mwenzake."

"Ikawaje?"

"Ni wa kushoto."

Nikamhamishia jogoo mkono wa pili.

"Wote wawili wa kushoto," alisema tena. "Nilianza kulima kuelekea kwa jirani, nikajikuta nalima kurudi kwangu. Shamba langu lina duara moja katikati kama kiwanja cha ngoma. Watu wanakuja kulitazama."

"Kwa nini hukumjaribu kabla hujampokea?"

Mzee alisimama kabisa, na maksai akasimama. "Mahari?" aliuliza. "Nimfunge nira ng'ombe wa mahari mbele ya wakwe? Kwa nini nisimpime na binti yangu kwenye mizani?"

Huko ng'ombe wa mahari hupokewa kwa vigelegele na kusifiwa pembe, basi. Ukimchunguza, umewaambia wakwe kwamba unawadhania ni wezi. Na ukimrudisha, umewaambia kwamba ndoa ina kasoro. Tena mzee hakuweza hata kuwaeleza mwenyewe, kwa sababu mtu hakai na baba wa mkwewe wakatazamana usoni wakazungumzia ng'ombe. Maneno ya namna hiyo hupitia kwa mtu wa tatu. Mshenga aliyefanya kazi hiyo wakati wa posa alikuwa amepata homa, au alisema amepata homa.

"Mawingu umeyaona," alisema mzee, akionyesha kwa kidevu upande wa ziwa, ambako yalikuwa yanajipanga. "Mvua ya kwanza ikinikuta sina wa kulia, nitalima kwa jembe la mkono na mke wangu, na kwa umri tulionao tutakula nusu mwaka. Nikimkosea mkwe, binti yangu atarudi nyumbani, tutakuwa watatu wa kula hiyo nusu. Sasa niambie, utawaambiaje kwamba nataka wanibadilishie, bila kusema nataka wanibadilishie?"

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kuifanya. Tukaanza mazoezi. Mzee akawa mkwe, mimi nikawa mdomo wa mzee.

"Wakwe zetu wapendwa," nilianza, "ng'ombe wenu tumempenda mno."

"Hapo vizuri."

"Lakini ana tatizo."

"Nimekwishakasirika. Anza tena."

"Wakwe zetu wapendwa, ng'ombe wenu tumempenda mno, mpaka tumeona hatustahili."

"Kwa hiyo binti yenu naye hastahili? Anza tena."

Nilianza tena mpaka jogoo akalala mkononi mwangu. Katikati ya mazoezi mzee alinieleza mambo mengine, kwa sababu hakupenda njia ipite kimya. Alinionyesha kisiki cha udongo mwekundu kwenye nyasi, kirefu kunipita. Lilikuwa tanuru la kuyeyushia chuma, la kina babu yake. Walichimba mawe, wakayapika humo, wakafua majembe, na jembe ndilo lililokuwa mahari kabla ya ng'ombe. "Jembe halina kulia wala kushoto," alisema. "Wazee walikuwa na akili." Baadaye Mjerumani akaleta majembe ya dukani na kodi, na matanuru yakazimika. Halafu Mjerumani na Mwingereza wakachora mpaka wao, ukapita kati ya baba na mtoto, na watu wakaendelea kuoana kama kawaida huku wakijifunza kwamba sasa wanaoana nje ya nchi.

Kuoa nje ya nchi kulikuwa na faida zake. Upande wetu ulikuwa na maharage, ulezi, na dagaa wa ziwani. Upande wa pili ulikuwa na sabuni, sukari na vitenge, mpaka mwaka ule vitu vilipowaishia, na wao wakaanza kuja kwetu kuuliza chumvi. Vitu hivyo vilivuka usiku kwa baiskeli, na serikali iliviita magendo, na wenyeji waliviita zawadi za wakwe. Mzee alisema kanisani ungeweza kujua nani ana ndugu ng'ambo kwa kunusa tu shati lake.

Jua lilipoanza kuelemea tukafika kwenye kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Ni kimoja kati ya vile vijiji vilivyojengwa wakati watu walipohamishwa na kukusanywa, nyumba zimepangwa mstari kama askari. Barabarani kulikuwa na mti umelazwa juu ya magogo mawili, na nyuma yake mgambo mwenye bunduki. Bunduki ilikuwa ya mti, ya kufanyia gwaride, lakini aliishika kwa namna ambayo hukupenda kumkumbusha.

"Ng'ombe anakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwa wenyewe," alijibu mzee.

"Wenyewe wako wapi?"

"Mbele."

"Mbele ni Zambia."

"Mbele ni kwa wakwe zangu. Zambia imewakuta hapo."

Mgambo akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Mimi niko na ng'ombe."

Aliliona jibu hilo halina kasoro. Niligundua siku ile kwamba mtu anayemfuata ng'ombe haulizwi kama ana kazi. Lakini ng'ombe mwenyewe alikuwa na mashaka. Kumvusha kungekuwa magendo, na magendo makubwa kuliko yote yaliyowahi kukamatwa hapo, maana kabla yetu mgambo alikuwa amekamata miche ya sabuni tu, na ilikwisha kabla haijafika kwenye ushahidi. Akatupeleka wote wanne kwa mwenyekiti wa kijiji, jogoo akiwa chini ya ulinzi wangu.

Mwenyekiti alikuwa amekaa nje ya ofisi na katibu wake. Karibu nao, kwenye kivuli cha ukuta, walisimama maksai wawili weusi, wanene, wanaong'aa, hawana hata alama ya nira shingoni. Mzee aliwatazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenyekiti.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Wa kijiji," alisema mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa familia. "Wa shamba la ujamaa."

"Mbona hawajalima?"

Katibu akakohoa. Mgambo akaangalia bunduki yake.

"Wote ni wa kulia," alisema mwenyekiti.

Hapo mzee akaketi chini bila kukaribishwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijiji kilikuwa kimeunganisha watu wa sehemu mbili, watu wa mlimani na watu wa bondeni. Ilipoamuliwa kuwe na maksai wa pamoja, ilionekana ni haki kila upande utoe mmoja. Watu wa mlimani wakatoa maksai wao bora. Watu wa bondeni nao hawakutaka kupitwa, wakatoa bora wao. Na kwa kuwa mwenye nguvu zaidi ndiye hufundishwa kulia, wakaja wawili wa kulia. Siku ya kwanza shambani, waliingia pamoja kwa nira moja, wakageuka, wakaenda na plau mpaka uani kwa katibu, wakasimama kwenye maboga yake. Kila mtu kijijini alijua dawa: mmoja afundishwe upya kushoto. Lakini wa nani?

"Sisi tulileta wa kulia," alisema mwenyekiti, ambaye alikuwa wa mlimani.

"Na sisi pia," alisema katibu, ambaye alikuwa wa bondeni. "Usawa ndio msingi."

Kwa hiyo maksai walikuwa wanakula tu. Shamba la ujamaa lilikuwa limelimwa kwa mkono, kidogo, kwa hasira.

Mzee alikuwa amekwishaona. Na mimi nikaona, na nadhani hata mgambo. Maksai mwekundu alikuwa wa kushoto, amesimama pale pale, bila kazi. Kijiji kilikuwa na mmoja wa kulia wa ziada. Tukibadilishana, kijiji kingepata jozi, mzee angepata wake wa kulia, na asingelazimika kufika kwa wakwe wala kuwaambia neno.

Wakamfunga mwekundu kwa nira na yule mweusi wa mlimani, wakajaribu nyuma ya ofisi, mzee akishika plau mwenyewe. Mtaro ukatoka mnyoofu, na watu waliokuwa wanakuja kidogo kidogo kutazama wakashangilia. Wakamfunga tena na yule wa bondeni. Ukatoka mnyoofu vile vile, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angalau mmoja wao angekuwa mbovu, ingejulikana ni yupi wa kuondoka.

"Atoke wa bondeni," walisema watu wa mlimani, waliokuwa wamejipanga upande wao wa ofisi.

"Kwa kosa gani?" waliuliza watu wa bondeni, waliokuwa wamejipanga upande wao.

"Hana kosa. Aende tu."

"Asiye na kosa hafukuzwi. Mfukuzeni wenu."

"Wetu tumemlea toka ndama."

"Wetu sisi tulimwokota njiani?"

Katibu akaongeza kwamba hata hivyo mali ya ujamaa haiwezi kubadilishwa na mali ya mtu binafsi, na kwamba hakujua ataripoti vipi huko juu. Mwenyekiti akamwambia kijiji kilikuwa na maksai wawili asubuhi na kitakuwa na maksai wawili jioni, na kama huko juu kuna mtu anajua rangi zao, aje. Lakini kuhusu nani atoke, mwenyekiti mwenyewe hakuweza kusema, kwa kuwa angetaja upande mmoja na kesho asingekuwa na kijiji.

Kwa mbali ngurumo ilisikika, upande wa ziwa. Mzee akaitega sikio. Kisha akainama kwangu, akaninong'oneza, "Sasa, mdomo."

Maneno yote niliyokuwa nimefanyia mazoezi yalikuwa ya kumrudisha ng'ombe, na hapa tulitaka kuchukua. Nikajaribu kusogea mbele ili nionekane nafikiri, na katika kusogea kamba ya jogoo ikateleza. Alikuwa hajala toka Matai. Akakimbia moja kwa moja hadi kwenye ungo wa bibi mmoja wa bondeni aliyekuja kutazama huku anapepeta ulezi, akaanza kula kama mtu wa nyumbani.

Bibi akamkamata mabawa, akamwinua. "Na huyu wa nani?"

"Ni wetu, bibi."

"Ni wa nini?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu kabla yangu. "Ni wa kukufungulia mdomo, bibi."

Watu wakasogea karibu. Kila mmoja pale alijua jogoo wa kufungulia mdomo ni nini. Hupelekwa siku ya kwanza ya posa, ili wazee wa msichana wakubali kuzungumza.

Bibi alinitazama kwa jicho moja, lingine likiwa kwa jogoo. "Mmekuja kuposa?"

"Ndiyo, bibi. Tumetembea toka mbali. Tumesikia kwenye nyumba hii kuna kijana mweusi, mwenye nguvu, mwenye tabia njema, hajaharibu shamba la mtu."

"Maboga yangu," alisema katibu.

"Hajaharibu kwa kusudi. Wazee wangu hapa wana mmoja wa kushoto nyumbani, mpweke. Tunaomba wa kwenu akaishi naye. Hatukumwomba wa jirani. Tumemwomba wa kwenu."

Watu wa bondeni walitazamana. Jambo lililokuwa kufukuzwa lilikuwa limegeuka kuwa heshima. Bibi akaweka ungo chini, akamweka jogoo kwapani, na kwa namna alivyomweka nilijua hatutamwona tena.

"Atalala wapi?" aliuliza.

Mzee akapiga makofi ya adabu, akanijibu mimi, ili mimi nimjibu yeye. "Mwambie zizi lina paa."

"Bibi, zizi lina paa."

"Nimesikia. Atapigwa?"

"Mwambie ninapiga hewa tu, juu ya mgongo."

"Anapiga hewa tu, bibi."

"Wanaume wote husema hivyo." Akina mama wa bondeni wakacheka hadi wakashikana. "Na kazi? Atafanya kazi za wote, au zake?"

"Mwambie mwenzake amemsubiri toka radi."

Bibi akafikiri. "Basi sisi tumekubali. Lakini tutakuja kumtembelea, na mtatupikia."

Hapo upande wa pili ukachafuka. "Na sisi?" mzee mmoja wa mlimani aliuliza. "Mbona wa kwetu hakuposwa? Ana kasoro gani?"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwishaona njia inapoelekea, akasimama haraka. "Ninyi mmeoa," alisema. "Huyu mwekundu ameolewa kwenu, tena toka nje ya nchi. Nani hapa kijijini ana mkwe wa nje mkubwa hivi?" Watu wa mlimani wakamtazama maksai mwekundu upya, pembe, doa la paji la uso, wakaanza kukubaliana kwamba kwa kweli alikuwa anafanana na nyumba yao. Kesi ya magendo nayo ikafa, maana ng'ombe hakufika mpakani, na mgambo akarudi kwenye mti wake.

Mzee hakutaka kulala. Alitaka kutangulia mvua. Alimshika kamba yule mweusi, akavaa viatu vyake kwa mara ya kwanza siku ile, kama mtu anayetoka kwenye sherehe, akamtembeza hatua chache upande wa kulia wake, kisha wa kushoto, kisha akamrudisha kulia. Nilimsindikiza hadi kwenye mti wa mgambo barabarani.

"Si unarudi nami?" aliuliza. "Nitakupa ugali mpaka mvua zikwishe."

Nilitazama njia tuliyoijia. Nilikuwa nimekwishaiona.

"Basi kaa hapa," alisema. "Itanifaa. Wakwe zangu hupita njia hii kufuata dagaa. Watamwona ng'ombe wao kwenye shamba la watu, watauliza. Utawaambiaje?"

"Nitawaambia tumempenda mno."

"Na?"

"Na kwamba sifa zake zilifika mbali, mpaka serikali ya kijiji ikamwomba. Ameajiriwa."

Mzee alirudia neno lile kwa sauti ndogo, ameajiriwa, akalijaribu mdomoni kama tumbaku. Ukoo wote wa mkwe wake, aliniambia, haukuwa na mtu aliyewahi kuajiriwa. Wangefurahi sana. Akanipigia makofi, nikampigia, akaondoka na maksai wake wa kulia, na koti lake likaonekana kwa muda mrefu kwenye nyasi zile zisizo na miti.

Niliporudi, kulikuwa na kikao kingine. Maksai wawili wanaolima wanahitaji mtu wa kuwaongoza mbele, na watu wa mlimani hawakumwamini mtu wa bondeni ashike kamba, na watu wa bondeni, sasa wakiwa wametoa wa kwao, hawakumwamini mtu wa mlimani hata kidogo. Aliyebaki ni mimi. Mwenyekiti aliniuliza kama ninajua ng'ombe. Nilisema nimetembea na mmoja. Ilitosha.

Wakanipa nyumba. Ilikuwa katikati kabisa ya mstari, pale nyumba za mlimani zinapokoma na za bondeni zinapoanza, na ilikuwa tupu kwa sababu hakuna aliyekubali kukaa karibu hivyo na wenzake. Mwenyewe alikuwa amerudi kimyakimya kwenye shamba lake la zamani. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, chungu kimoja, na nira ya kijiji imeegemezwa ukutani. Niliketi kitandani. Nilikumbuka dumu la shangazi kwenye foleni, nikajiambia litakuwa limekwishasogea.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la ofisi. Nilimfikiria mzee, nikapiga hesabu ya njia, nikaona atakuwa amefika kwa watu. Halafu mlango ukabishwa. Walikuwa akina mama wawili, mmoja wa kila upande, kila mmoja na sahani ya ugali wa ulezi umefunikwa, maharage huku, dagaa kule. Waliziweka sahani sakafuni mbele yangu, zote mbili kwa wakati mmoja, kisha wakarudi nyuma na kusimama mlangoni na mvua ikiwalowesha migongo, wakisubiri kuona mkono wangu wa kulia utaanzia wapi.

Nikanawa polepole. Nikamega ugali wa bondeni, nikauchovya kwenye mchuzi wa mlimani.

"Huyu atakaa," alisema mmoja wao.

"Tutaona," alisema mwenzake, wakaondoka, kila mtu kwa njia yake.